Kanda ya Bi Esha

Makambako,
14 Septemba 1997

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye mkeka wako, miguu haikusumbui na kifua kimetulia. Mimi mwili mzima, Alhamdulillahi, ila roho haina raha, na sababu utaisikia. Na wewe Yasmini mdogo wangu unayesoma, msomee mama wakati hakuna wageni. Soma polepole, na usiruke mahali kwa kumwonea huruma. Nakujua wewe.

Huku ni upepo na vumbi kama kawaida. Duka linakwenda. Tangu biashara ziachiwe huru, kila kijiji kina redio kaseti ya Dubai, na mimi kazi yangu ni kuwarekodia watu kanda. Sina shida ya kula.

Unamkumbuka Pendo, yule binti wa kijiji cha Kichiwa niliyekusimulia, anayetunga nyimbo za Kibena na za Kiswahili na kuziimba sokoni Njombe kwa gitaa la marehemu baba yake? Redioni walimwambia alete kanda, na wenye studio Dar es Salaam wakamwambia alete pesa. Basi tukamfanyia kama tunavyofanya harusi. Tukaunda kamati, mwenyekiti mzee Frederick, mwalimu mstaafu. Tukachapa kadi za mchango, tukazitembeza mpaka Igwachanya. Asiye na pesa alitoa viazi, na Bibi Cresensia, jirani yake Pendo, alitoa jogoo wake mwekundu. Alimleta mwenyewe Njombe kwa miguu, kamfunga kwenye kanga. Tuliwaahidi watu mambo mawili: kila aliyechanga apate kanda yake kabla haijauzwa popote, na jina lake liimbwe kwenye wimbo wa mwisho. Mimi nilichanga kwa jina lako, mama.

Mwezi wa sita Pendo akarudi kutoka Dar na masta, ile kanda ya kwanza ambayo nakala zote hutolewa kwake. Akanikabidhi mimi, maana ndiye niliyepangiwa kutoa nakala. Nikaifungia kwenye sanduku. Tungeweza kuanza siku ileile, lakini majalada yalikuwa bado kwa mchapaji, naye akatupiga kalenda, wiki hii, wiki ijayo. Kamati ikakataa kugawa kanda bila jalada. Eti huwezi kumwita mtu kwenye sherehe ukamlisha wali mkavu. Tukasubiri.

Mwezi uliopita Bibi Cresensia alipanda basi pale Njombe, anakuja huku Makambako kumwona mjukuu wake. Dereva kaweka kanda. Bibi akaisikia sauti ya Pendo, akadhani ni redio. Mara ukaja wimbo wa mwisho, akasikia anaitwa: Cresensia wa Kichiwa, mwenye jogoo mwekundu. Akaruka kwenye kiti akapiga kelele kwamba ni yeye huyo. Basi zima likacheka. Akamuuliza kondakta kanda ameitoa wapi, akajibiwa zimejaa stendi ya Songea, yeyote ananunua. Aliposhuka alikuja moja kwa moja dukani kwangu, hata salamu hakutoa. Aliniuliza imekuwaje watu wasiotoa hata yai wanatembea na jina lake mfukoni, na yeye hana kitu. Nilimpa kigoda akakataa kukaa.

Habari ikaenea Njombe nzima. Wakasema Pendo aliiuza kanda hukohuko Dar kwa wafanyabiashara, halafu akaja kutuzuga na habari za majalada. Sokoni wakampa mgongo. Mama mmoja alimtupia kadi yake ya mchango miguuni. Kwaya ya kanisani kwao imemwambia apumzike. Na kamati imeamua: Jumamosi ya tarehe 27 asimame mbele ya wachangiaji ajieleze, na akishindwa, gitaa la baba yake liuzwe, watu warudishiwe kidogo chao. Jamani, lile gitaa! Pendo amekonda, kuimba haimbi tena.

Kwenye kikao kilichopita mtu mmoja aliuliza, na huyu Mustapha aliyekaa na masta je? Pendo mwenyewe akasimama. Akasema kama ni Mustapha, hapana, masta ilikuwa imefungwa sandukuni, na yule ni mtu wa kuaminika. Nilikuwa nimekaa palepale. Nikatazama viatu vyangu.

Mama, ni mimi.

Ijumaa moja mchana nilifunga duka, nikaisikiliza masta peke yangu. Kwenye wimbo wa mwisho nikasikia Pendo anasema Bi Esha wa Songea. Wallahi nilitokwa na machozi. Nikashindwa kusubiri majalada. Nikatoa nakala moja, moja tu, na kwa kuwa barua zangu lazima usomewe, nikaanza kwa kukusalimu kwa mdomo wangu, halafu ndipo gitaa. Nikampa mjomba Hassani kwenye lori lake. Ndiyo hiyo uliyo nayo. Yasmini aliniandikia kwamba kila aliyeingia nyumbani ulimpigia, na kwamba yule mwenye kibanda cha kanda stendi aliiazima siku moja akairudisha. Niliposoma hayo nilicheka kwa furaha, mimi ambaye kunakili kanda ndiyo kazi yangu! Mjinga mkubwa. Wewe huna kosa hata chembe. Ulilifurahia jina lako, basi.

Jumatano nilikwenda kwa mzee Frederick nikamweleza yote. Akanishika bega, akasema kila mtu anajua ninavyompenda yule binti, lakini nisijitwike mzigo usio wangu. Nilimwapia, akatabasamu. Nakala za Songea zote zinaanzia kwenye gitaa, aliyezitoa aliiruka sauti yangu. Sauti yangu iko kwenye kanda moja tu, na hiyo ni yako.

Kwa hiyo nakuomba hiyo kanda, mama, niipige mbele ya wachangiaji tarehe 27. Najua miaka mitatu sijafika nyumbani, na Yasmini ameniambia unaipiga kila ukimaliza sala ya alasiri. Nisamehe. Mjomba Hassani atapita Alhamisi ya wiki ijayo, mpe mkononi, asipewe mtu mwingine. Mkitaka kuisikiliza mara ya mwisho, sikilizeni wawili tu, mlango mmeufunga.

Utakumbuka nilivyomalizia zile salamu. Nilikwambia huyu unayekwenda kumsikia sasa ndiye ninayetaka awe mkweo, na habari za dini tutazungumza nikija. Yeye mwenyewe sijawahi kumwambia. Nilifikiri kuyafuta, lakini maneno hayo ndiyo yanayoshikana na gitaa, yakikatwa watasema nimeunganisha. Basi atayasikia palepale, mbele ya wote, siku hiyohiyo atakapojua ni nani aliyemharibia.

Wasalimie majirani wote. Niombee dua, mama, si ya biashara safari hii.

Ni mimi mwanao,
Mustapha