Laini Isiyo na Jina

Mjukuu wangu Furaha,

Tunakusalimu kutoka Mangobo, hapa Kisangani. Bibi yako amepona malaria, na mdogo wako Aline amejifungua salama mtoto wa kiume.

Unasema kwamba katika jengo unalosimamia huko Kinshasa, programu ya umeme inakuonyesha laini moja inayokula umeme mchana kutwa, na hakuna anayejua ni ya nini. Unauliza kama uikate.

Nilipofika Kisangani baada ya kukimbia Kivu, nilipata kazi ya fundi umeme hospitalini. Mazuti, yaani dizeli, ya jenereta yalikuwa haba. Kwenye mchoro wa nyaya niliona laini isiyo na jina, nikaizima bila kuifuata. Kumbe ilikuwa ya chumba baridi cha maiti. Mle alilazwa kijana aliyekuwa akimngojea noko, yaani kaka wa mama yake, kwa sababu kwao mtu hazikwi kabla mjomba hajafika. Kesho yake mwili ulianza kuharibika, ikabidi wamzike haraka.

Noko alifika kutoka Banalia siku ya tatu. Nilimwendea, nikamwambia kwamba ni mimi niliyezima.

“Mutoto, mbele ya kukata, ulienda kuangalia kule inafika?”

“Sikuenda kabla ya kuikata, papa.”

“Bon. Unipeleke kwa kaburi yake.”

Tulitembea kwa miguu mpaka makaburini.

Kwa hiyo usibonyeze kuizima kwanza. Teremka, ufuate waya huo mpaka unapoishia, na ukikuta mlango, ubishe hodi.

Babu yako anayekukumbuka kila siku.