Piano Iliyoshushwa kwa Ajili ya Shangazi Verna

212 Mtaa wa Tamarack,
Harlow Falls, Minnesota.
19 Januari 2015

Mpendwa binamu Russell,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi inayouma mpaka meno. Hujambo huko Perth? Joanne na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila goti langu la kushoto linanitukana kila nikipanda jukwaani.

Okestra yetu bado ipo, watu thelathini na wanne. Daktari wa meno yuko kwenye tarumbeta, dereva wa basi la shule kwenye ngoma, nami nawapungia kijiti nikijifanya nawaongoza.

Sasa habari za mama yako. Unajua kwamba kabla hatujapiga chochote, zumari hutoa sauti moja na vyombo vyote hujipatanisha nayo. Kwa miaka thelathini na minane sauti hiyo imekuwa ya Shangazi Verna. Tangu mwaka juzi imekuwa ikishuka, kidogo kidogo, naye haisikii. Watu wa fidla walilegeza nyuzi wakamfuata, wapulizaji nao wakajirekebisha, nami nikanyamaza, maana ndiye aliyenifundisha noti nikiwa na miaka saba. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tatizo likawa piano. Kwa tamasha la jana tulialika mpiga piano kutoka Duluth, na piano haimfuati mtu; sauti yake hubaki vile fundi alivyoiweka. Nilipaswa kumwambia Shangazi. Niliahirisha wiki tatu, mwoga mkubwa mimi.

Jana asubuhi nikamkuta mzee Haugen, fundi wetu wa piano, anaishusha piano nzima, uzi mmoja mmoja, ilingane na zumari ya mama yako. Watu wa fidla ndio waliomtuma.

"Haugen, umerukwa na akili?"

"Gordon, bwana wee, piano haina moyo wa kuvunjika. Niache nifanye kazi."

Sikumzuia. Niliona nafuu, kisha nikaionea aibu nafuu hiyo.

Mama yako akafika mapema, akamkuta anakusanya vifaa.

"We Haugen, si uliitengeneza Jumanne?"

Mzee akawa mwekundu mpaka masikioni. Shangazi akatutazama mmoja mmoja.

"Mmenishushia piano nzima? Tangu lini, Gordon?"

"Mwaka juzi, Shangazi."

"Na wewe ukanyamaza, mjinga wangu! Mnanipenda mpaka mnaniharibia muziki."

Alimwamuru Haugen aipandishe tena piano, kisha piano ndiyo itoe sauti. Vyombo vyote vikajipatanisha nayo, na zamu yake ilipofika akanikazia macho. Nikamwonyesha kwa kidole: panda, panda kidogo, hapo hapo. Akapiga tamasha lote hivyo, akinitazama mimi badala ya kusikiliza. Nilitokwa na machozi na sikuyafuta, mikono ilikuwa kazini. Baadaye akaifunga zumari sandukuni, akasema basi, imetosha.

Aliniomba nisikuambie, nikamwahidi. Navunja ahadi hiyo kwa makusudi, kwa sababu nimenyamaza miaka miwili na nimeona matunda yake. Russell, zile simu zako anazozikata baada ya dakika mbili, usidhani amekukasirikia kwa kuhamia mbali. Hakusikii. Anaona haya kukuomba urudie. Njoo ukae mbele yake, azungumze nawe akikutazama mdomo.

Nisalimie Joanne, Peter na Elsie mdogo. Mungu awaweke salama nyote, akufikishe nyumbani kabla theluji haijayeyuka.

Wako akupendaye,
Gordon