Dakika Ishirini na Tatu za Kipindi cha Saba

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimepoteza dakika ishirini na tatu katika kipindi cha saba cha mtihani wa leseni ya udaktari. Sikuzipoteza kwa uzembe. Zimeliwa. Naandika sasa hivi, hasira ikiwa bado ya moto na hesabu ikiwa bado safi.

Lakini kwanza — umekwisha! Umekwisha, umekwisha, umekwisha. Vipindi vinane, maswali arobaini na saa nzima kila kimoja, kutwa macho kwenye kioo cha kompyuta. Nimerudi nikanywa glasi tatu za maji mfululizo, halafu nikaenda chooni bila kumwomba mtu ruhusa na bila kugeuza mifuko nje. Raha iliyoje! Nimekaa huko mpaka Mrefu akagonga mlango kuuliza kama nimehamia. Miaka sita tumegawana chumba hiki na sijawahi kumwona akilala na viatu. Sasa hivi kalala navyo, mdomo wazi, kama mzigo ulioshushwa garini.

Haya, hizo dakika.

Mapumziko ni dakika arobaini na tano kwa siku nzima, kila mtu anazigawa apendavyo. Ukizidisha, kompyuta haigombi. Inakata kimya kimya kwenye kipindi kinachofuata. Kwa hiyo wiki nzima watu hawaongelei magonjwa, wanaongelea mkojo. Nani atakunywa nini, saa ngapi, atoke mara ngapi. Mimi nilipanga: mayai na chai asubuhi, mkate baada ya kipindi cha pili, mkate tena baada ya cha nne, na chupa ya juisi kabatini kwa ajili ya mwisho.

Profesa alipanga kutokula kabisa. Profesa ndiye yule kijana wa kiti cha mbele, mtoto wa madaktari wawili, jina tulimpa sisi na yeye akalipokea kama haki yake. Alikuwa nyuma yangu kwenye foleni ya ukaguzi asubuhi, akitamba. Tangu jana mchana hajatia kitu mdomoni, hata maji. Hatatoka hata mara moja. "Shangazi, nyinyi mtakuwa mnapanga foleni ya choo, mimi niko swali la arobaini." Shangazi ni mimi. Nimewazidi miaka saba au minane, na nimewasuka nusu ya darasa.

Nikamwambia mwili si simu, huwezi kuuchaji jana. Akacheka.

Baada ya kipindi cha sita nimebakiwa na dakika kumi na mbili. Natoka korido kunyoosha mgongo. Profesa naye katoka, mara yake ya kwanza, anasema anakwenda kunawa uso tu. Hatua chache, akashika ukuta, akateleza nao mpaka chini. Pwaa.

Tulikuwa saba pale, wote tumesomea jambo hilohilo miaka sita. Na unajua tulifanya nini? Yule mwenye miwani ya duara akasema kwa sauti ya kusoma, "Mwanamume, umri miaka ishirini na sita, ameanguka ghafla." Mwingine akadakia: "Je, ana historia ya kifafa?" Mwingine: moyo kwanza! Mwingine: hapana, sukari, jasho lile halionekani? Mmoja — naapa — akauliza, "Hatua inayofuata iliyo sahihi zaidi ni ipi?" Wanasubiri majibu matano yajitokeze ukutani! Mtu kalala sakafuni shingo imepinda, na sisi tunachagua.

Na mimi pia, sekunde kadhaa, nilisimama nikifuta majibu kichwani. Si A. Si D.

Halafu nikapiga magoti. Shingo. Anapumua. Mapigo yapo, dhaifu, yanakimbia. Nikamlaza ubavu, nikapaza sauti juisi yangu itolewe kabatini. Msimamizi, mama mmoja mwenye funguo shingoni, akasema kwa upole kabisa, "Binti, ukifungua kabati lazima ukaguliwe upya. Na saa yako inatembea." Nikamwambia itembee. Wenzangu nao saa zao zilikuwa zinatembea. Mmoja baada ya mwingine wakarudi ndani, wakitembea kinyumenyume, kama watu wanaotoka msibani mapema.

Nilisubiri afumbue macho na aweze kumeza, ndipo nikampa, kidogo kidogo. Alikuwa kanishika kifundo cha mkono, haachii. "Shangazi usiondoke." Sikuondoka. Nilikaa mpaka jasho likakauka na akaanza kunisahihisha jinsi ya kushika chupa. Hapo nikajua kapona.

Korido: dakika thelathini na tano. Toa kumi na mbili zangu. Zimebaki ishirini na tatu, na kompyuta ikazila zote. Kipindi cha saba nikakifanya kwa dakika thelathini na saba. Maswali ishirini na tisa niliyasoma. Kumi na moja ya mwisho nimeweka C, C, C, mpaka chini, kama mtu anayepanda mahindi.

Na Profesa je? Hakupoteza hata moja. Alikuwa na arobaini na tano zote, hajazigusa! Zilimtosha kuzimia, kuamka, kunywa juisi yangu, na akabakiwa na chenji.

Jumanne, 10 Juni

Nimelala mpaka jua likanifuata kitandani. Hakuna saa ya kengele. Vitabu vyote nimeviweka chini ya kitanda, mgongo ukutani, visinitazame.

Hesabu. Kufaulu ni mia mbili kati ya mia tatu na ishirini. Zoezi la mwisho nilipata mia mbili na kumi na moja. Yale kumi na moja ya C, kwa kawaida yangu ningepata saba. Kwa kubahatisha, mawili. Hasara tano. Ongeza tatu za papara. Nimebaki na mia mbili na tatu. Nimepita! Kwa unywele, ila nimepita. Ikiwa papara ni saba badala ya tatu — sijapita. Nimerudia hesabu mara nyingi mpaka Mrefu akaninyang'anya kalamu. "Shangazi, hata ukiijumlisha kwa Kiarabu haibadiliki."

Nimefumua nywele zangu mwenyewe, kazi ya asubuhi nzima, nikifurahia kutokuwa na haraka. Vidole hivi vimenisomesha. Vichwa vya watu tangu kabla ya chuo, miguu imevimba kwa kusimama, na wenzangu wakiniona kichekesho: msusi anataka kuwa daktari. Sina baba wa kupiga simu mahali. Ndiyo maana hizo dakika zinaniuma. Kila kitu changu nimekilipia mara moja tayari.

Mama kapiga. Nimemweleza yote, C zote, hesabu yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Na yule mtoto wa watu, amepona?"

Amepona, mama.

"Basi. Mengine yatakuja." Akaniuliza kama nimekula.

Kitu kimoja sikumwambia. Mikono haikutetemeka. Miaka sita nimeogopa kwamba siku nitakapokuwa peke yangu na mtu chini, bila mkubwa wa kumuuliza, itatetemeka. Ilitulia kama iko kwenye kichwa cha mteja. Nimekuwa nikitabasamu kutwa kwa ajili ya hilo, hata nikiwa na hasira.

Jumatano, 11 Juni

Ofisi ya mtihani. Benchi, foleni, feni inayozunguka bila kupoza mtu. Afisa ni kijana nadhifu, anajibu huku akitazama kompyuta.

Anasema kumbukumbu inaonyesha nilichelewa kurudi. Nikasema nilikuwa na mgonjwa. Mgonjwa gani? Taarifa ya msimamizi inasema watahiniwa wawili walikaa mapumziko muda mrefu. Hakuna aliyezimia. Nikamwambia tulikuwa saba pale! Akatabasamu kwa kuchoka: hawapokei mashahidi, kila mwaka wanajitokeza mashahidi wa kila kitu. Aliyeanguka aje mwenyewe aseme. Akisema, kipindi cha saba nitapewa nikirudie, hicho pekee. Mwisho Ijumaa saa kumi jioni.

Na yeye akisema, nikauliza, atafanywa nini? Atarudishwa kufanya mtihani mzima?

"Inategemea."

Inategemea nini?

"Inategemea, dada."

Nimewasuka wanawake wenye uchungu wa kuzaa wakanijibu vizuri zaidi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimempata Profesa ngazini, kwenye bweni lao. Macho chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nimekuja na sentensi zangu zote zimepangwa. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Shangazi, mimi niliteleza tu."

Uliteleza ukafumba macho?

"Sakafu ilikuwa na maji."

Nikamwambia, kaka, maji pekee yaliyokuwapo pale ni jasho lako, na nimelifuta kwa leso yangu. Halafu akakaa kwenye ngazi, magoti juu, mwili wote ule akawa kama mtoto aliyesahauliwa shuleni.

Akasema anajua. Hajalala tangu Jumatatu. Baba yake ameshawatangazia watu, wajomba wameshapiga simu kumpongeza. Akisema alizimia, wakimwambia arudie wote? "Mimi nimefaulu ule, Shangazi. Najua nimefaulu. Siwezi kuurudia. Siwezi kukaa mle tena." Na hapo aliniudhi kweli, kwa sababu nilimwelewa. Nani anaweza kukaa mle tena? Mimi naomba nirudie kipindi kimoja tu, na hata hicho nakiogopa.

Nikamuuliza kama anakula.

"Nakula."

Leo umekula nini?

Nikampa ndizi iliyokuwa kwenye mkoba, nikasimama pale mpaka akaimaliza. Ganda nikalichukua mwenyewe nikalitupa. Shangazi kweli.

"Nipe muda nifikirie," akasema.

Muda! Katika watu wote duniani, huyu ndiye ananiomba mimi muda.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi nimeamka mwepesi. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu yangu nimeshayafanya, yote, na hakuna la kukariri tena. Wakinipa mia mbili na tatu, nitacheza hapa chumbani mpaka wa chini wapige dari. Wakininyima, nitasuka mwaka mmoja zaidi na nitarudi. Sipendi, lakini naweza. Jumatatu asubuhi nilikuwa sijui kama naweza.

Ila haki ni haki. Sitajifanya mtakatifu nikawaachia.

Saa sita nimempelekea ujumbe. Nimeufuta mara tatu kwanza. Wa kwanza ulikuwa mrefu na wenye dharau, wa pili ulikuwa na machozi, wa tatu ulianza na "mdogo wangu". Uliokwenda: *Niko tayari kwenda nawe ofisini, nikae kando yako. Nitasema ulianguka kwa njaa, si kwa ugonjwa. Nitawauliza kuhusu mtihani wako kabla ya wangu. Unakuja au huji?*

Kausoma saa hiyohiyo. Sasa ni saa saba.

Mrefu anasema niende mlangoni kwake nimtoe kwa shati. Nimekataa. Nilishamwinua sakafuni mara moja, mara ya pili ainuke mwenyewe.

Saa nane. Simu imewaka: anaandika. Imezimika. Inawaka tena. Mrefu kaketi kando yangu, tunaitazama kama wagonjwa wanaotazama dirisha la dawa.

Saa tisa kasoro. Jibu limefika. Maneno mawili.

*Shangazi, umekula?*

Mrefu kacheka mpaka kalala chini. Mimi nimecheka pia, sijui kicheko au nini, macho yamejaa. Halafu nimefunga kilemba, nimevaa viatu vya kutokea, nimeshuka, na sasa naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la ofisi, feni ileile, afisa yuleyule anatazama saa ya ukutani. Foleni haina mtu. Kando yangu nimeweka mkoba, nimemshikia nafasi.

Nimemjibu: *Nimekula. Niko benchini. Ndiyo au hapana? Neno moja, kabla ya saa kumi.*