Siku Nilipotazama Nyuma Nikikimbia

Kirushya, Ngara

Kwa kaka yangu mpendwa Emanueli,

Shikamoo kaka. Kabla hujaendelea kusoma, kaa chini, na kama mama yuko karibu msomee salamu tu, mengine yaweke mfukoni. Mimi ni mzima, sina jeraha, nakula, na kazini naenda. Mama anaendeleaje na kifua chake na hiyo baridi ya Mbulu? Ngano mmeshavuna? Na goti lako limepona, au bado unalisingizia ukitumwa shambani? Uliniuliza kama lile sweta alilonifumia mama bado linanitosha. Hilo nitakujibu mwishoni, maana lina habari yake.

Unajua tangu niletwe huku kuwa muuguzi wa zahanati sijaacha mazoezi. Njia yangu niliipenda kuliko zote nilizowahi kukimbia. Natoka jua likichomoza, nashuka kati ya migomba, navuka daraja la miti, kisha napanda polepole kuelekea upande wa mpaka hadi kwenye shamba la mikaratusi, hapo nageuza. Hakuna gari, pikipiki ni za kuhesabu, unasikia pumzi yako tu. Barabara inazunguka kilima, kwa hiyo mtu aliyesimama uani kwake ng'ambo ya bonde anakuona tangu unapotoka kwenye miti. Mwanzoni walinicheka sana. "Nesi, unafukuzwa na nani?" Mama Anita, jirani yangu wa karibu na daraja, alikuwa akiniuliza hivyo kila asubuhi mpaka akachoka mwenyewe.

Nimepanga chumba kwa Bibi Leokadia. Yeye, kama majirani wengi wa mteremko ule, alizaliwa ng'ambo ya mpaka. Aliingia huku miaka ile ya kukimbia vita, akaishi chini ya turubai kule kambi ya wakimbizi ya Benaco, baadaye akaolewa na Mhangaza wa huku, akabaki. Magoti yake ni mabovu kuliko lako, na yeye hasingizii. Kwenda kanisani tu anapumzika njiani kila baada ya nyumba chache. Ananiita mwana wanje, yaani mwanangu, na nikirudi mazoezini nakuta ameniwekea uji.

Sasa sikia, kaka. Wiki iliyopita nilifika kwenye mikaratusi nikamkuta mwanamume ameketi juu ya gogo, panga magotini. Panga huku si kitu, kila mtu anatembea nalo. Nikamsalimu. Hakuitikia. Huku mtu asiyeitikia salamu hayupo, hata walevi wanaitikia. Nikasalimu tena. Akainuka, akaanza kunijia, kimya vilevile. Sikungoja kujua anataka nini. Nilitoka nduki.

Hapo ndipo nilipofanya kitu ulichonikataza tangu nikiwa shule ya msingi. Nilitazama nyuma. Tena si mara moja, kila nikipiga hatua kidogo shingo inageuka. Sijui kama alinifuata, kona ilimficha, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilitaka kupiga kelele, sauti ikagoma kutoka.

Kufika darajani namwona Mama Anita anatoka kwake mbio, mtoto mgongoni, mkeka kwapani. Nyumba ya pili mzee anafungulia mbuzi huku mkewe yuko tayari njiani na sufuria kichwani. Hakuna aliyepiga yowe, hakuna aliyeniuliza kitu. Kaka, watu wazima wakikimbia kimya inatisha kuliko kelele zozote. Nikajua basi, na wao wamemwona, tena hayuko peke yake. Nikaongeza mbio. Nao waliponiona naongeza, wakaongeza.

Nyumbani mlango uko wazi, uji umechemka mpaka umezima moto, Bibi hayupo. Nikaita, kimya. Nikachungulia chumbani kwake: kitanda kimetandikwa, kila kitu mahali pake. Nikaingia kwangu: kumevurugwa, nguo zimetupwa chini, begi limefunguliwa. Nikasema wameingia, wameiba, na Bibi wameondoka naye. Nililia kwa sauti pale mlangoni, sioni aibu kukuambia.

Mwenyekiti wa kitongoji alitukuta njia panda, watu na mizigo yao. "Nani ameona nini?" akauliza. Wakatazamana. Mama Anita akaninyooshea kidole.

"Tumemuona nesi."

"Si anakimbia kila siku?"

"Kila siku haangalii nyuma," akasema Mama Anita, na wote wakaitikia.

Ndipo nikajiona walivyoniona. Mtu wa serikali, anatoka upande wa mpaka, mbio, hasemi neno, anaangalia nyuma. Wangengoja waone nini tena? Nikawaeleza habari ya yule mtu wa panga. Wanaume wakaenda mpaka kwenye mikaratusi, wakakuta gogo tu. Mpaka leo sijui alikuwa nani. Watu wakarudi makwao na mikeka yao, na hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza.

Lakini Bibi hakuwamo kati yao. Mwenyekiti akasema kama alishika njia ya zamani ya kwenda Benaco, atakuwa amepitia bonde la mafunjo, na mle matope humeza ng'ombe. Nilikimbia, kaka, kuliko siku yoyote uliyowahi kunishikia saa. Njia nzima nilikuwa naona magoti yale yanazama. Nilipoona kandambili zake zimeachwa pembeni ya maji, nilidhani nimechelewa.

Nilimkuta ng'ambo ya mafunjo, tope mpaka kiunoni, ameketi, furushi bado liko kichwani, kalishika kwa mikono miwili.

"Umekawia," akaniambia.

"Bibi, mbona hukunisubiri?"

"Zamani turingojana mrangoni, mwana wanje. Turingoja, tukapungua. Reo nikasema, wewe una miguu, utanikuta njiani."

Nikamtua furushi nimbebe, fundo likaachia. Sweta la mama. Viatu vyangu vya kazini. Kanga zangu, picha ya marehemu baba, na viazi vya kupikwa vya jana. Chake hakikuwamo hata kitambaa cha kichwa.

"Na vya kwako, Bibi?"

"Mimi najua kuanza bira kitu. Wewe hujui."

Nilimbeba mgongoni kama mtoto, tukarudi.

Sasa nazunguka uwanja wa shule tu, watoto wakiwa wamejaa, na hata hapo nikisikia kitu shingo inageuka. Usiniulize habari za mashindano. Yule mtu namuogopa, siwezi kukuficha. Ila ninachoogopa zaidi ni kwamba siku moja nitageuka kwa ajili ya ndama tu, na Bibi ataingia tena kwenye yale mafunjo, nami nisiwahi.

Nisalimie wifi yangu, mwambie maharage ya huku yanaiva upesi kuliko yake. Msalimie mjomba aliyeninunulia viatu vya kwanza vya mbio, na shangazi anayetuombea wote. Mama mkumbatie kwa niaba yangu, usimwambie kwa nini.

Kuhusu sweta, mwambie asifume jingine. Linanitosha, ila silivai. Bibi alilirudisha kwenye furushi pamoja na vitu vyangu vingine, safari hii na kikombe chake kimoja, akalifunga, akaliweka nyuma ya mlango. Asubuhi baridi ikinipiga nalitazama tu. Sijamwomba alifungue. Kila nikitoka kwenda kazini nainama kwanza, naangalia kama fundo limekaza.

Mdogo wako akupendaye,
Yasinta