Maneno ya Jiwe Lako, Nami

Nami wangu,

Shikamoo.

Nimeanza hivyo ili ucheke. Ulinizidi miezi michache tu, lakini tangu tulipolala bweni moja ulinilazimisha nikuamkie kila asubuhi kabla hujanipa mafuta yako ya kupaka. "Marahaba, mjukuu wangu," ulikuwa unaitikia kwa sauti ya kikongwe, khanga kichwani, na mimi nakurushia ndala. Sasa naamkia hewa.

Nina habari, kaa vizuri. Nimeolewa!

Mimi, Upendo, ambaye ulisema nitazeekea Usa River nikifunga maua ya harusi za watu wengine. Nimeolewa Jumamosi yenye jua, Mlima Meru ukiwa wazi mpaka kileleni kana kwamba nao ulipewa kadi. Mama alinuna kwa sababu ndoa ilifungwa kwa Wakatoliki, halafu ukumbini akacheza kuliko wote mpaka kiatu kikamtoka. Nililia, nikacheka, nikalia tena. Mume wangu aliponivika pete alinishika mkono akasahau kuuachia. Mpaka leo nikiukumbuka ule mkono nasimama katikati ya kazi, waridi mkononi, msimamizi ananiuliza kama naumwa. Siumwi. Nimependwa.

Utauliza ni nani. Unamjua. Ni Deo.

Nilitaka kuandika "Deo wako." Ona, barua hata haijafika mbali na wivu umeshanishika mkono. Basi nikueleze wote, kwa sababu huku hakuna mtu wa kumwambia. Nikimwambia mama kwamba namwonea wivu marehemu, atanipeleka kuombewa.

Unakumbuka siku uliyotangaza kwamba umepata chuo kikuu kule Zomba, Malawi, kusoma maandishi na maisha ya Wagiriki na Warumi wa kale? Tulikuwa jikoni kwenu Poli tunakula loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, na maziwa yamekuchora sharubu. Baba yako mdogo akauliza, "Hao Wagiriki wa kale ndio watakuajiri?" Ukasema, "Walishakufa, baba mdogo." Akasema, "Basi mshahara wako ukaudai kaburini." Nyumba nzima ikacheka. Ukamjibu kwamba waliokufa ndio watu wazuri wa kusoma nao, hawana haraka, wanakusubiri mpaka uelewe.

Mimi sikucheka. Shule yangu iliishia kidato cha nne, na nilikuwa namwona rafiki yangu anahamia nchi ambayo sitapata hata nauli ya kuifikia. Sisemi Malawi.

Kila likizo ulirudi na mambo yao. Uliniandikia jina langu kwa herufi za Kigiriki, kwa mkaa, ukutani mwa jiko, na mama yako akatufukuza na mwiko. Na ulirudi na jina moja mdomoni. Deo hivi, Deo vile. Mchaga wa Kibosho, Mtanzania mwenzako pekee darasani, aliyekuja na Kilatini chake cha seminari akidhani atakutisha, wewe ukamwacha mbali kwa Kigiriki. Ulinieleza kwamba Wachaga wanatembea na Kilatini kwenye vitambulisho bila kujua, kwamba Deogratias ni shukrani kwa Mungu. Nikawa nachomwa. Wakati ule nilimwonea wivu yeye kwa ajili yako. Sasa nakuonea wewe kwa ajili yake. Wivu ni uleule, umehamia kiti cha pili tu.

Kisha ukaja likizo ile ya mwisho, ukaugua, na kabla hatujajua ni homa gani…

Naruka hapo.

Siku ya kukuzika, mchungaji alikuwa ameshamaliza, mashada yamewekwa, watu wanaelekea kwenye chakula. Nikaona kijana mrefu ndani ya koti la kuazima amebaki kwenye migomba. Alikuwa amechuchumaa, anamimina kitu juu ya udongo wako kutoka kwenye chupa ya maji. Maziwa. Maziwa yaliyochanganywa na asali. Baba yako mdogo naye alimwona.

"Wewe! Mtoto wa nani wewe? Nani amekutuma kutambikia kaburi la Mlutheri?"

Na Deo, maskini, akajibu kwa ukweli wote wa mtu aliyesoma: "Shikamoo, mzee. Si tambiko letu. Ni desturi ya Wagiriki."

"Na Wagiriki hawana mizimu?"

Deo akafikiri. Nami, alifikiri kweli, mbele ya wazee waliofura. Akasema, "Wanayo, mzee."

Wangempiga. Nilijipenyeza katikati nikasema, "Baba mdogo, huyu ni mwanafunzi mwenzake Nami, amechanganyikiwa na msiba," nikamshika mkono nikamkokota mpaka kwenye turubai la chakula. Huko ndiko alikoniambia kwamba siku mliposoma habari za makaburi yao ulimtania: ukitangulia, akumiminie maziwa na asali kama Wagiriki, ila maziwa yawe ya ng'ombe wa Meru, ya pakiti hutaki. Alikuwa amezunguka Poli asubuhi nzima akitafuta maziwa. Alilia huku anakula pilau. Nilimpenda palepale. Msibani kwako, Nami. Sijui kama hilo linasameheka, lakini sitasema uongo.

Tunaishi Kisongo, chumba na sebule. Anafundisha historia shule ya sekondari, anarudi ananukia chaki. Ndege ndogo zinazopeleka watalii mbugani zinapita juu ya bati letu, na kila ikipita ananibusu, ndiyo sheria ya nyumba. Msimu wa watalii umeanza, basi sipiki kitu kikaiva kwa wakati. Anasema mikono yangu yenye alama za miiba ndiyo mizuri kuliko yote aliyowahi kushika. Nikisikia hivyo nayeyuka. Halafu kitu kinaniuliza: yote ipi?

Siku ya kwanza kuingia humu ndani alininyanyua mlangoni, na shela langu lote. Jirani yetu akapiga kigelegele, kisha yowe, kwa sababu kichwa changu kiligonga fremu ya mlango. Nilikuwa na nundu na furaha yangu. Nikamwuliza, mume wangu, umejifunza wapi mahaba haya? Akasema Warumi walimbeba bibi harusi ili asijikwae kizingitini, ingekuwa mkosi. Halafu akaongeza, kwa sauti laini kabisa, "Nami ndiye aliyekuwa anapenda habari za harusi zao."

Nami ndiye. Nundu ilianza kuuma wakati huo.

Na haijaacha. Nikipika, Nami alisema Warumi walikula wamejilaza. Mvua ikinyesha, Nami alisema Wagiriki nao walikuwa na mungu wao wa radi mlimani, kama wazee wa huku walivyouogopa Meru. Nikivaa gauni jipya namgeukia, naona anatabasamu, nasubiri, na moyoni nahesabu: sasa atamtaja. Mwanamke mwingine yeyote wa Arusha ningemweza. Ningevaa, ningesuka, ningemnunia, ningemfuata sokoni tukatoleana maneno. Nashindana vipi na msichana ambaye hatazeeka? Mimi nitanenepa mbele ya macho yake. Jino litang'oka, nitakoroma, nitamfokea kwa ajili ya mkaa. Wewe utabaki vilevile, na sauti yako ileile na Kigiriki chako, hata chunusi hutaota tena.

Jioni moja alikuwa ananisaidia kumenya ndizi, akaanza tena. Alisema Wagiriki na Warumi walikuwa wanaandika barua kwenye vibati vyembamba vya risasi, yale madini laini, wanavikunja, wanavichoma msumari, wanavitumbukiza kwenye kaburi la mtu aliyekufa kijana. Waliamini aliyekufa kabla ya wakati wake hajatulia, anaweza kutumwa. Nikamwuliza waliandika nini. Akasema mengi yalikuwa ya wivu. Mfunge fulani ulimi. Mfunge miguu. Asipendwe.

Nilijikata kidole. Nilichokuwa nawaza ni hiki: kumbe posta ipo. Kisha nikawaza tena, na sikujua nicheke au nilie, kwa sababu mtu ninayetaka kumshitaki ndiye huyohuyo wa kubeba barua.

Basi hapo ndipo mama yako alipokuja. Kaburi sasa litajengewa, alisema, fundi ameshapatikana, jiwe limeagizwa. Akamshika Deo mkono. "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma naye. Tuandikie maneno ya kuweka juu yake."

Nilitabasamu nikamwongezea chai. Ndani nilikuwa naungua. Maneno ya mume wangu, juu ya mwanamke mwingine, yamechongwa kwenye jiwe! Mimi barua zake ninazo, ziko kwenye simu, na simu hii ikianguka ndani ya ndoo ya maji zimekwisha. Yako yatakaa hapo mpaka wajukuu zetu wayasome.

Kila jioni alikaa na karatasi tupu. Alinieleza kwamba mawe ya kale yalikuwa yanasema yenyewe, yanamwita mpita njia asimame, yanajitambulisha, yanaomba salamu. Ndivyo alivyotaka lako liwe. Anaandika, anafuta. Ndege zikapita mbili bila mimi kubusiwa. Niliosha vyombo kwa kelele. Mwishowe nikasimama mbele yake na sufuria mkononi, nikauliza lile nililolikwepa tangu msibani.

"Ulimpenda?"

Akaweka kalamu chini. "Nilimpenda. Nikamwambia."

"Akasemaje?"

"Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, Deo, mimi nina mume tayari, ana zaidi ya miaka elfu mbili."

Nami! Hilo hukuniambia. Nilitaka kucheka kwa sababu nilikusikia kabisa ukilisema, na nilitaka kumpiga kwa sufuria kwa sababu alitabasamu alipolikumbuka. Nililala nimeelekea ukutani. Kumbe ulikataa ndiyo nikapata. Kumbe nimeolewa na mabaki ya Wagiriki.

Asubuhi alikuwa amekaa kitandani, macho mekundu. Akasema, "Maneno hayaji, mke wangu. Mimi namjua wa darasani tu. Anayemjua ni wewe. Andika wewe." Akanipa kalamu na kutoka nje kuchota maji.

Nilikaa na hasira zangu nikaanza kuandika ili nimwonyeshe. Ukaja. Ukaja wewe wa khanga kichwani, uliyeogopa bata, uliyefuta jina lako kwenye zamu ya kudeki na kuandika langu, uliyelaza mkono wako juu ya tumbo langu nilipoumwa kule bweni na kuniimbia vibaya mpaka nikapona ili unyamaze. Huyo Deo hakuwahi kumwona. Huyo Zomba hawakuwa naye. Aliporudi nilimsomea nilichoandika, nikamweleza na habari za bata, za mkaa, za shikamoo. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu nikaona uso wake unabadilika, mdomo unajikunja, akasema polepole, "Hakuwahi kunifanyia hivyo."

Alikuwa ananionea wivu! Mimi, Upendo wa kidato cha nne! Nilifurahi vibaya, sikufichi. Nilimbusu bila ndege yoyote kupita.

Jiwe litasema hivi:

*Wewe unayepita na majani ya ng'ombe kichwani, tua kidogo. Mimi ni Elinami. Nilikwenda mbali kusoma maneno ya waliokufa, nikarudi nyumbani. Sasa soma yangu. Niamkie, nitaitikia.*

Baba yako mdogo aliyasoma mara nyingi. Akauliza, "Kaburi linaitikiaje?" Akauliza tena, "Hiki nacho ni Kigiriki?" Nikamwambia hapana, baba mdogo, hiki ni Nami. Akatazama pembeni, akasema basi juu yake wachonge msalaba mkubwa, mchungaji asije akatuuliza.

Jumamosi fundi anamwaga zege. Nimemwomba aniachie nafasi ndogo chini ya jiwe, na barua hii nitaitia humo. Ni karatasi ya kawaida ndani ya plastiki tunayovishia waridi, haina risasi wala msumari. Sikuombi umfunge mtu. Au, basi, mfunge Deo ulimi mara mojamoja, hasa nikiwa nimevaa gauni jipya.

Wivu haujaisha. Jana tu amesema "Nami alisema" na nikabana meno. Lakini nakuahidi hivi: nitakuja kila mwaka na maziwa ya Meru na asali, nitayamimina mwenyewe, na yeye atashika chupa. Nitakuja nikiwa na mimba, nitakuja na watoto, nitakuja na fimbo. Nitakuletea kunenepa kwangu na mvi zangu zote uzione. Na siku nikiwa bibi wa kweli, nitajifunga khanga kichwani, nisimame mbele ya jiwe lako, na sitakuamkia. Nitanyamaza nikungoje wewe, msichana mdogo, uniamkie.

Na nitaitikia: marahaba, mjukuu wangu.

Pumzika, Nami.

Upendo,
mke wa Deo.