Dakta Kaniibia Shangazi

Wewe, uko wapi? Nimetoka kwenye mhadhara wa nadharia ya siasa, nataka kutapika.

Unaikumbuka insha yangu ya "kwa nini watu hutii"? Ile ya shangazi yangu karani, ambaye bosi akimpigia simu, hata akiwa nyumbani, lazima asimame ndipo apokee? Ile ambayo Dakta aliniandikia kwa wino mwekundu, "mfano dhaifu, utoe"?

Leo kausimulia huo mfano mbele ya ukumbi mzima, mkuu wa kitivo kakaa mstari wa kwanza. Neno kwa neno! Mpaka ile siku shangazi alipotoka bafuni mbio, akasimama wima na taulo, sabuni masikioni. Eti "shangazi yangu mimi."

Shangazi YAKE! Mtu mzima na mvi zake anaiba shangazi wa mtu!

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Nilipiga makofi, unanisikia? Ndiye atakayesaini tasnifu yangu, ningefanyaje?

Kinyaa kitupu. Hapa nimejitupa kitandani na viatu vyangu, hata kula sitaki.

Ngoja, anapiga simu. Ndiye yeye.

Haya, kakata. Eti, "Nilikuona umekaa nyuma. Umejifunza kitu?" Nikamjibu, "Ndiyo, Dakta, asante sana."

Asante sana!

Halafu nikajitazama. Nimesimama wima katikati ya chumba, na wala sikumbuki niliinuka saa ngapi.