Baba, Naenda Kusini kwa Maji

Baba yangu uliyebaki mtoni,

Nina miaka sabini na sita sasa, mara mbili ya ile uliyoishi wewe. Nimewapita ndugu zangu wote, nimempita mama, nimempita hata daktari mmoja wa hapa Hyattsville, Maryland, aliyeniambia nisipoacha chumvi sitafika sabini. Yeye ndiye hakufika. Kazi ya ghalani ilivunja migongo ya vijana, mimi niliimaliza nikitembea wima. Kwa hiyo usidhani anayekuandikia ni mtu wa kutishika ovyo.

Mwandiko uuvumilie. Shule niliishia darasa la pili, mwaka ule ule mto ulipokuchukua.

Habari yenyewe ni hii. Nina mashua. Si kama mtumbwi wako wa kuvusha wanawake wa sokoni pale mto Nzoia, hapana. Hii ina mlingoti mrefu kuliko nyumba, ina tanga, ina jiko na vitanda. Mimi na rafiki yangu Shabani, mzee wa Bagamoyo, tuliikuta imetelekezwa, tukaikwangua na kuipaka rangi kiangazi kizima. Mpango wetu ni kuondoka kabla baridi haijakaza: tushuke mto Potomac, tuingie ghuba kubwa, kisha tufuate mifereji ya pwani mpaka Florida, tukae huko hadi theluji ya huku iishe. Wazungu wazee huenda hivyo kila mwaka, na wengine wana magoti mabovu kuliko yangu.

Nikasimama kanisani nikatangaza kwamba Mluhya wa kwanza kufika Florida kwa upepo ni mimi. Wakapiga makofi. Makofi yakanipanda kichwani, nikaongeza kwamba jaketi la kuelea sivai, hilo ni la watoto.

Wewe ndiye uliyenifundisha kukaa ndani ya chombo. Ulinipandisha juu ya magunia ya mahindi ukaniambia, "Usishike kingo, Wafula. Mto ukikuona umeshika kingo, unajua umeogopa." Basi nilikaa mikono mapajani kama askofu. Wale akina mama walikutania, "Huyu anatuvusha polepole apate kututazama vizuri!" Nawe ukawajibu, "Kuna nini cha kutazama? Hata kuku mnaonilipa nao wamekonda!" Mtumbwi mzima ukacheka. Mimi nilidhani maji yanakutii.

Halafu ikaja ile mvua. Ulivusha watu wa mwisho ukawa unarudi peke yako. Mtumbwi ulipatikana umepinduka, wewe hukupatikana. Wanaume walikutafuta kwenye matete mpaka wakachoka. Ndipo wazee wakakata mgomba, wakaufunga kwa blanketi lako, wakauzika pale ambapo ungelala wewe, kama watu wetu wanavyofanya mwili ukikosekana. Mama aliulilia ule mgomba kama mtu. Mimi niliona ncha yake imetokeza, inatoa utomvu, na machozi yakakataa. Kila nikirudi nyumbani nafyeka majani ya kaburi lile, na kila mara najua haumo.

Sasa sikiliza. Juzi tulitoka kuijaribu mashua. Tulipita chini ya daraja la barabara kuu ya Beltway, malori yakinguruma juu yetu, Shabani akinichokoza, "Shika usukani, mzee wa bara! Nyinyi maji mnayajua ya kwenye sufuria tu." Nikamjibu kwamba nilikuwa mtoni kabla yeye hajaota meno. Sikumaliza kusema. Upepo uligeuka, mashua ikalala ubavu, maji yakaja mpaka karibu na goti langu.

Nikaachia usukani, Baba. Nikashika kingo kwa mikono miwili.

"Wafula! Achia! We, achia hapo!" Sikuweza. Shabani alilegeza tanga, mashua ikasimama, kisha akaja akanibandua vidole kimoja kimoja. Hakucheka, na hilo ndilo liliniuma. Nikamwambia akithubutu kumwambia mtu, urafiki wetu umekwisha.

"Nimwambie nani mimi?" akasema. "Samaki wameshaona."

Tangu siku hiyo nikifungua ramani naikunja tena. Kuna mahali kwenye ile ghuba utatazama huku na huku usione ukingo. Kufa siogopi, nitakufa hata hapa kwenye kiti. Naogopa kutopatikana.

Nikamwambia Nekesa, binti yangu muuguzi anayekaa Bowie, kwamba nikipotea wakate mgomba, wauzike karibu na ule wako. Alikuwa anatafuta funguo za gari aende zamu. "Daddy, mgomba? Huku Maryland nitautoa wapi?" Akacheka, halafu akaona sicheki.

"Mimi siziki mti," akasema. "Nitakutafuta."

"Ukichoka?"

"Sichoki."

Akaanza kulia, funguo mkononi. "Vaa hilo jaketi, Daddy. Jifunge na kamba. Siku nikikuzika, nikuzike wewe."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi pia nilisema sichoki, pale kwenye matete, wakanishika mkono wakanirudisha nyumbani.

Baba, uliogopa? Walituambia watu wa ng'ambo ya mto walikusikia ukiimba. Nimesimulia hivyo maisha yangu yote, tena nikiongeza nyimbo. Lakini tangu juzi nadhani ulishika kingo, ukashika kwa nguvu zako zote, na bado wewe ni baba yangu.

Jumatatu tunaondoka. Sitaghairi, kichwa hiki unakijua, nilikitoa kwako. Ila nimenunua jaketi, rangi ya chungwa, linawaka hadi ng'ambo, pamoja na mkanda wa kunifunga na mashua. Jumapili watakaponiombea safari nitasimama mbele nimelivaa. Wacheke. Kati ya wote waliowahi kuvaa jaketi kanisani, hakuna atakayependeza kunishinda.

Nikae salama juu ya maji, nawe ukae salama chini yake. Na atakayesema nimetunga ile habari ya kushika kingo, Shabani yupo, amuulize. Nilimkataza asiseme. Leo nimempigia simu nikamwambia aseme yote.

Mwanao,
Wafula